Eti nguzo zikilingana urefu, mtawanyiko ni sifuri! Huyu mtu nani alimpa chaki?

Jedwali (mleta uzi)

Wakuu, salamu baadaye, nikishapoa.

Yule jamaa wa takwimu mnayemjua wote, yule ambaye klipu zake huzagaa kwenye kila grupu la mwaka wa kwanza mtihani ukikaribia, leo katoa mpya. Kachora histogramu mbili ubaoni. Ya kwanza ina nguzo tano, thamani 1 mpaka 5, zote zimelingana urefu kama askari wa gwaride. Ya pili ina mlima katikati, pembeni inashuka. Kageuka, kaigonga ile ya kwanza kwa kalamu, kasema: "Hii haina mtawanyiko. Nguzo zote zinalingana, hivyo mkengeuko sanifu ni sifuri."

Sifuri! Tena kagonga mara mbili, kama anapigilia msumari. Ule ubao ungekuwa na miguu ungetoka nduki.

Haya, tupige hesabu ambayo yeye hakuipiga. Histogramu ya kwanza: 1, 2, 3, 4, 5, kila moja imetokea mara mbili. Data kumi, wastani 3. Mikengeuko ni −2, −1, 0, 1, 2. Vipeo vyake vya pili ni 4, 1, 0, 1, 4, jumla 10, na kwa kuwa kila thamani iko mara mbili, jumla kamili ni 20. Gawa kwa 10, varianisi (yaani wastani wa vipeo hivyo) ni 2, kipeuo chake cha pili 1.41. Hiyo ndiyo SD, yaani mkengeuko sanifu wenyewe.

Ya pili, yenye mlima: 1 mara moja, 2 mara mbili, 3 mara nne, 4 mara mbili, 5 mara moja. Data kumi vilevile, wastani 3 vilevile. Vipeo: 4 + 2 + 0 + 2 + 4 = 12. Gawa kwa 10 ni 1.2, kipeuo chake 1.10. Ina maana ile aliyosema haina mtawanyiko ndiyo IMETAWANYIKA ZAIDI!

Urefu wa nguzo ya histogramu unakwambia data ngapi zimeangukia hapo, basi. Mtawanyiko unausoma kwenye mstari wa chini, kwa umbali wa data kutoka kwenye wastani. SD ya sifuri inataka nguzo moja tu, data zote kumi zimekaa kwenye 3. Ukitaka SD kubwa kuliko zote kati ya 1 na 5, weka data tano kwenye 1 na tano kwenye 5. SD inakuwa 2. Na nguzo hizo mbili zinalingana urefu! Zinalingana wakuu, na mtawanyiko hauna pengine pa kupanda! Halafu mtu mzima anagonga ubao anasema sifuri.

Chini ya klipu watu wamejipanga: "ubarikiwe mwalimu", "leo ndio nimeelewa". Umeelewa nini?

Kijiwe Nongwa

Nimekaa pale, kahawa na kashata. Mleta uzi punguza povu, simu itaingia maji.

Binti Desimali

Povu lake ni halali kabisa. Na chanzo cha kosa hilo kinajulikana: jamaa kachanganya histogramu na chati ya nguzo.

Chukua duka, chora nguzo za mauzo ya Januari, Februari, Machi, Aprili, Mei. Hapo kila nguzo NI data moja na urefu wake ndio thamani. Zikilingana zote, kweli SD ya mauzo ni sifuri. Kwenye histogramu mambo yamegeuka, thamani imelala chini na urefu umekuwa marudio. Michoro inafanana kwa macho, maana ni mbali kabisa. Kabla hujamwonyesha mwanafunzi histogramu, mchoree mstari wa namba, weka kitone kimoja kwa kila data, vinavyojirudia vipange juu ya vingine. Kisha akiulize kila kitone: uko hatua ngapi kutoka kwenye wastani? Akishazoea hapo ndipo uvizungushie nguzo. Ukianza na nguzo, macho yake yatafuata milima na mabonde.

Jedwali

ASANTE. Na yeye kaigonga histogramu, si chati ya mauzo. Mara mbili.

Mzee wa Vipeo

Mleta uzi umemshupalia mwenzio wakati na wewe umegawa kwa 10. Nani kakwambia hizo data ni kundi zima? Kama ni sampuli unagawa kwa 9. Ya kwanza inakuwa 20 ÷ 9 = 2.22, SD 1.49. Ya pili 12 ÷ 9 = 1.33, SD 1.15. Safisha kwako kwanza.

Jedwali

Mzee, hata ukigawa kwa 9 ile tambarare bado inaizidi yenye mlima! Hoja yangu imesimama. Na kwa kuwa umeligusa, huyohuyo jamaa akiulizwa kwa nini tunagawa kwa n−1, yaani idadi ya data toa moja, hujibu "ni kanuni, kariri". Wakati jibu linaenea kwenye kiganja cha mkono.

Kundi zima lina namba mbili tu, 2 na 4. Wastani 3, varianisi ya kweli ni 1. Sasa chukua sampuli za namba mbili, ukiokota, unarudisha, unaokota tena. Zinawezekana nne: (2,2), (2,4), (4,2), (4,4). Kila sampuli ipigie varianisi kwa wastani wake yenyewe. Ukigawa kwa n, yaani 2, unapata 0, 1, 1, 0, wastani wake 0.5. Nusu ya ukweli! Ukigawa kwa n−1, yaani 1, unapata 0, 2, 2, 0, wastani wake 1. Umegonga penyewe. Sababu ni kwamba sampuli inapimwa kutoka kwenye wastani wake yenyewe, na huo siku zote uko katikati ya data zake, kwa hiyo umbali unatoka mfupi kuliko ungepima kutoka kwenye wastani wa kweli. Kugawa kwa n−1 kunafidia.

Mzee wa Vipeo

Vizuri, ila sema yote. Fidia hiyo inanyoosha varianisi, hainyooshi SD. Kwenye mfano wako SD za n−1 ni 0, 1.41, 1.41, 0, wastani wake 0.71, na ya kweli ni 1. Bado iko chini. Wengi wanafundisha kana kwamba n−1 inatibu vyote viwili.

Kijiwe Nongwa

Mleta uzi kanyolewa bila maji 😂

Kibonyezo

Mnachinjana kwa n na n−1 wakati watoto wanafelishwa na vikokotoo! Mimi malalamiko yangu ni hapo.

Kile kikokotoo cha Casio, fx-82MS, unaingia MODE 2. Kabla ya kitu chochote: SHIFT, CLR, 1, =. Usipofanya hivyo, data za jana zimo, na za leo zinapandiana juu yake. Kisha kila thamani unaifuatisha na M+. Inayojirudia unaiandika 3, SHIFT, kitufe cha mkato kikupe nukta-mkato, 4, M+, yaani 3 mara nne. Kabla hujaomba jibu, angalia n: SHIFT 1, 3, =. Ukiona 20 wakati una data kumi, umebeba mzigo wa jana, anza upya. Ndipo SHIFT 2, halafu 2 kwa xσn (SD ya kugawa kwa n) au 3 kwa xσn−1 (ya kugawa kwa n−1), kisha =.

Mwanafunzi kazoea hiyo, ananunuliwa ES PLUS, alama zimegeuka kuwa σx na sx! Kampuni ileile! Sx ndiyo ya n−1. Na safu ya marudio haionekani mpaka uingie SETUP, ushuke, ufungue STAT, uiwashe. Nusu ya darasa hawaijui, wanaandika 3, 3, 3, 3 mpaka kidole kife ganzi.

Binti Desimali

Kwenye kompyuta ndiko kuna vita. Excel: STDEV.S inagawa kwa n−1, STDEV.P inagawa kwa n, na ile STDEV ya zamani ni n−1. Kwenye R, programu ya takwimu, sd ni n−1. Kwenye lugha ya Python kuna maktaba mbili: NumPy usipoiambia kitu inagawa kwa n, na pandas inagawa kwa n−1. Data zilezile, mashine ileile, majibu mawili. Zile data tambarare za mleta uzi moja inakupa 1.41, nyingine 1.49, na wanafunzi wawili wanagombana usiku kucha kila mmoja anadhani mwenzake kakosea kuingiza namba. Data zikiwa elfu tofauti haionekani. Zikiwa tano inauma.

Jedwali

Sawa, lakini turudi kwenye nguzo. Mtu kasema SIFURI. Kagonga ubao.

Abiria wa Mwisho

Nguzo tumezisikia kaka. Mnaonikera ni nyinyi mnaofundisha "asilimia 68 ya data ziko ndani ya SD moja" kana kwamba ni aya. Hiyo ni ya mgawanyo wa kengele!

Daladala mbili. Ya kwanza unaingoja dakika 10, 10, 10, 10, 10. Ya pili 2, 2, 2, 2, 42. Wastani wa zote mbili ni 10. SD ya kwanza sifuri. Ya pili mikengeuko ni −8 mara nne na 32 mara moja, vipeo 256 + 1024 = 1280, gawa kwa 5 ni 256, SD ni 16. Sasa nipigie SD moja kila upande: kutoka dakika −6 mpaka 26. Dakika hasi sita! Yaani daladala imefika kabla hujaenda kituoni! Na ndani ya hapo kuna siku nne kati ya tano, asilimia 80, si 68. Data zikiegemea upande mmoja, kipato, muda wa kungoja, bei za viwanja, kanuni ya 68 iweke kabatini. Kanuni isiyojali umbo la data ni ya Chebyshev: ndani ya SD mbili lazima kuwe na angalau asilimia 75, ndani ya tatu angalau 88.9. Ni mkanda mpana, lakini haudanganyi.

Mkaguzi wa Sura ya Nne

Nyie wote mna raha. Njooni huku kwenye ripoti za utafiti mlie na mimi. Mtu anaandika "alama 54 ± 2". Msomaji anaona darasa zima liko kati ya 52 na 56, darasa limelingana kama meno ya mtoto. Kumbe hiyo 2 ni kosa sanifu! Wanafunzi 36, SD yenyewe ni 12, kagawa 12 kwa kipeuo cha 36 ambacho ni 6, kapata 2, kaibandika bila kusema ni nini. SD inaeleza wanafunzi wanavyopishana. Kosa sanifu linaeleza wastani wako unaweza kuyumba kiasi gani ukirudia sampuli. Ukiongeza wanafunzi wakawa 144, kosa sanifu linashuka mpaka 1, lakini wanafunzi wanaendelea kupishana kwa 12 zao. Wanachagua ndogo kwa sababu inapendeza kwenye grafu. Huo ni udanganyifu.

Kibonyezo

Na hao ndio huwaambia watoto kikokotoo chochote kinafaa.

Mstaafu Mtarajiwa

Nimeona kikokotoo nimeingia mbio. Kuna mpya? 2018 walitaka kutupa asilimia 25 ya mafao kwa mkupuo, ikasitishwa mwezi Desemba. 2022 ikaja 33. Sasa tunakwenda wapi?

Binti Desimali

Mzee wetu shikamoo, hapa tunaongelea mashine ya hesabu, si mafao.

Mstaafu Mtarajiwa

Marahaba mwanangu. Hesabu ndiyo hiyohiyo. Si mnachukua wastani wa mshahara wa miaka mitatu iliyo mikubwa? Mimi nilipanda daraja mwaka mmoja tu wa mwisho. Huo wastani umenibana.

Abiria wa Mwisho

Hapo mzee ana hoja nzito. Mshahara wa 900,000, 900,000 na 1,500,000 kwa mwezi unatoa wastani 1,100,000, mshahara ambao hajawahi kuupokea hata mwezi mmoja. SD yake kwa kugawa kwa 3 ni kama 283,000.

Jedwali

Wakuu, NGUZO!

Mkaguzi wa Sura ya Nne

Subiri kidogo kaka, tumalizane na mzee. Mzee, umetumikia miezi mingapi?

Mstaafu Mtarajiwa

Miezi 372. Barua ya kupanda daraja ninayo hapa, niiandike vipengele vyake?

Kijiwe Nongwa

Andika mzee, tupo. Kahawa imeongezwa.