Mtoto wa la pili kaambiwa ahamie kitengo, hivi huwa wanapimaje?

mama_dagaa_kibirizi:
Habari za humu jamani, naombeni msaada wenu. Niko Ujiji, biashara yangu dagaa pale Kibirizi. Kijana wangu ana miaka nane yuko la pili, tangu aanze shule hata ba be bi haijakaa, juzi nikaitwa mwalimu akaniambia mama huyu mtoto ni mzito, apimwe ahamie kitengo cha elimu maalumu wanakokaa wenye ulemavu wa akili. Nimelia njia nzima. Sasa kinachonichanganya, huyu mtoto nikimwachia meza yangu kwenye hela humdanganyi, chenji anarudisha sawasawa, ila mkaidi balaa, unamwita mara tatu kakupa mgongo hageuki mpaka umfuate umguse. Hicho kipimo cha akili wanamtoa damu au wanampiga picha ya kichwa? Nikikataa watamfukuza? Baba yake yuko ziwani anasema nisiende popote, wataenda kumwandikia mtoto uwendawazimu.

jembe_halimtupi:
La pili bado kabisa, mdogo wangu kajua kusoma yuko la nne na leo anaendesha basi la Kahama. Acheni presha.

mwl_wa_unyanyembe:
Jembe usimdanganye mwenzio, wapo wanaochelewa tu na wapo wanaopotea hivyo hivyo tunasubiri.

Mama pole. Mimi ni mwalimu wa elimu maalumu, niko Tabora. Kwanza hakuna damu wala picha. Pili, mwalimu wa darasa kazi yake ni kuona kuna shida na kuandika anachokiona, kusema huyu ni ulemavu wa akili sio kazi yake peke yake, hata mimi siwezi peke yangu. Wanakaa mwalimu wa elimu maalumu, mtu wa afya na mara nyingine ustawi wa jamii, na wewe mzazi, tena wewe ndio unaongea sana maana wanataka historia yote, ulijifungua vipi, alilia hapo hapo au alichelewa, aliwahi kupata degedege au homa ya uti wa mgongo, alitembea lini, alianza kuongea lini.

Halafu macho na masikio, hivi ndio VINATANGULIA, akili inakuja baadaye. Macho kuna ile chati ya herufi E, anasimama mita 6 anaonyesha kwa mkono E imeangalia wapi, hata asiyejua kusoma anaiweza. Masikio wanachungulia tundu kama kuna nta au usaha, kisha anavalishwa spika za masikioni, mashine inatoa milio mikubwa na midogo, akisikia anatumbukiza kizibo kwenye kopo, wenyewe wanaona mchezo. Kikimalizika hicho ndio wanaangalia akili, na hapo maksi za mtihani hazitoshi, wanauliza anajimudu vipi nyumbani, anavaa mwenyewe, akitumwa dukani anarudi na alichotumwa?

Sasa soma tena ulichoandika. Mtoto anajua chenji. Ukimwita kwa nyuma hageuki. Nisiwe mganga wa simu ila mimi ningeanza na masikio. Hapa Tabora shule ya viziwi ipo tangu 1963, kwa hiyo haya tumeyaona sana. Aliwahi kuumwa masikio?

muha_wa_kasulu:
Mwakeye mama. Na mimi nimepita hapo hapo. Wa kwangu alipopimwa mara ya kwanza alionyeshwa picha ya friji akaulizwa hiki nini, kimya, akaandikiwa hajui. Friji ataijulia wapi sisi tuko kijijini ndani kabisa! Na maswali yote Kiswahili wakati nyumbani tunaongea Kiha mtupu. Nikaomba arudiwe na mwalimu anayejua Kiha, akajibu mengi tu. Ikabainika shida yake ni herufi zinamgeukia, akabaki darasani kwake, mwalimu anamsomea maswali kwa sauti. Usisaini kitu hujasomewa.

jembe_halimtupi:
Sawa, lakini hiyo karatasi si itamharibia mpaka la saba?

mwl_wa_unyanyembe:
Kinyume chake. Asiyejulikana ndio anaumia. Mwenye mahitaji maalumu Baraza la Mitihani linamwongezea muda, dakika 20 kila saa kwa Hisabati na 10 kwa masomo mengine, asiyeona anapewa karatasi ya nukta nundu, ile anayosoma kwa kupapasa na vidole. Hujaandikwa popote nani akuongezee? Na kufukuzwa mama sahau, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inampa haki ya kusoma shule ya kawaida na wenzake. Kitengo ni moja ya majibu, lingine ni kukaa dawati la mbele tu. Muulizie afisa elimu maalumu pale halmashauri.

mama_dagaa_kibirizi:
Mwalimu umenikumbusha. Akiwa na miaka mitatu sikio lilitoa usaha miezi, bibi yake akawa anatia mawese ya vuguvugu, likakauka tukajua kapona.

mwl_wa_unyanyembe:
Mawese tena! Mama usitie kitu chochote humo. Anza hospitali.

mama_dagaa_kibirizi:
Nimejaribu sasa hivi. Nimesimama nyuma yake upande wa kushoto nimeziba mdomo na kanga nikasema twende tukale wali na migebuka. Kimya. Nikahamia kulia karibu kabisa, kageuka anacheka anauliza migebuka iko wapi. Jamani na fimbo alizokula kwa huo ukaidi. Jumatatu meza namwachia mdogo wangu naenda hospitali ya Maweni, mrejesho ntaleta.