Injini inagonga: beringi tu, oveholi au injini ya mtumba?

Kipanga wa Kimara: Wakuu, habari za muda huu. Injini ya gari yangu imeanza kugonga. Fundi wa kwanza anasema tufungue tubadilishe beringi tu. Wa pili anataka oveholi nzima, yaani injini ifumuliwe yote na kutengenezwa upya. Shemeji ananiambia nisipoteze muda, niende Ilala nikanunue injini ya mtumba nifunge. Nina milioni mbili, na gari naihitaji kabla ya mwisho wa mwezi. Nishike lipi?

Spana 14: Gari gani? Injini gani? Inagonga ya baridi au ya moto? Taa ya oili je? Mtu anaingia hapa kama kaenda kwa mganga, "naumwa", kisha kimya.

Mama Wawili: Na oili ulimwaga lini mara ya mwisho?

Kipanga wa Kimara: Ni Noah SR40, 3S-FE, otomatiki. Oili sina uhakika. Taa inawaka kwenye silensa, yaani bila kukanyaga mafuta, ikishapata moto, ukikanyaga mafuta inazima.

Spana 14: Sasa tunaongea. Izime, isitembee tena, hata kwa fundi ivutwe. Mlio wa tik tik wa juu, kwenye kava la vali, ni tapeti, zinazosukuma vali, huo unaweza kusubiri. Ngo ngo nzito ya chini inayozidi ukikanyaga ni beringi za konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, ile shafti kuu ya injini. Fundi atoe waya wa plagi moja moja injini ikiwa silensa: silinda ambayo mlio unapungua, ugonjwa uko hapo. Kisha atoe swichi ya oili inayowasha taa, afunge geji, asome presha injini ikiwa moto. Sisi gereji tunahesabu PSI 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika. Sampu, bakuli la oili la chini, nayo ishushwe, aangalie kama kuna unga wa kung'aa.

Chuma Chakavu: Mmeruka kitu. Hiyo ni otomatiki. Fleksipleti, lile bamba linaloshikanisha krenki na konvata ya gia boksi, ikipasuka, au bolti za konvata zikilegea, inagonga vilevile kama konrodi. Nimeona injini inashushwa bure kabisa.

Spana 14: Fleksipleti inawasha taa ya oili?

Chuma Chakavu: Swichi mbovu inawasha. Ndiyo maana hata wewe umesema geji.

Mama Wawili: Mimi mtumba sirudii. Dukani waliiwasha ikiwa chini sakafuni, imetulia, nikalipa. Kuifunga, kununua maunti (raba za kushikia injini) na hosi nyingine, hela ikaisha. Tukasafiri kwenda Iringa. Kupandisha Kitonga, nusu ya mlima nikasikia ngo, ngo, kisha taa. Tukalala pale na watoto. Fundi wa Iringa kumwaga oili, inatoka nzito kama uji: walijaza oili nzito na dawa ili mlio usisikike. Kurudi dukani, naambiwa dhamana ilikuwa ya kuwaka tu. Mume wangu mpaka leo akisikia neno "Ilala" anatoka nje.

Mtumba Halisi: Pole dada, ila wengi tumefunga za mtumba na zinatembea miaka. Ukinunua, fungua kava la vali, ukikuta tope jeusi ondoka. Mwaga oili mbele ya muuzaji. Na namba ya injini kwenye kadi haitalingana, kwa hiyo chukua risiti na nyaraka zake, uende TRA warekebishe.

Spana 14: Mimi nasema oveholi. Beringi peke yake ni kujidanganya kama krenki ina michirizi. Inapimwa kwa maikromita, inachongwa, unafunga beringi nene zaidi, saizi ya milimita 0.25 au 0.50. Na pampu ya oili usiirudishe ya zamani.

Chuma Chakavu: Akikuta krenki safi unamchongesha ya nini? Mafundi mnapenda oveholi kwa sababu ya bili.

Spana 14: Njoo gereji tupime, acha kuandika.

Dereva Mstaafu: Wekeni 20W-50, kelele zinapungua. Joto la Dar hili hamhitaji oili nyepesi.

Mtumba Halisi: Mzee, shikamoo, ila kelele kupungua siyo kupona. Mama hapo juu kasimulia nini?

Dereva Mstaafu: Marahaba. Mimi nimeendesha Hiace kwa oili hiyo tangu hujazaliwa.

Kipanga wa Kimara: Asanteni wote. Fundi anakuja Jumamosi na geji, ataangalia na fleksipleti. Nitaleta majibu.

Dalali Mpole: Ukichoka nayo nijulishe. Viti vya kati viko kamili? Kuna mteja wangu anatafuta.