Vita vya Msalaba: kweli ilikuwa Wakristo wote upande huu, Waislamu wote upande ule?

Kijana_wa_Bugembe (Jinja)
Habari zenu wapendwa. Naomba mwenye kujua historia anisaidie maana stegi ya boda huku kwetu mabishano yamekuwa makali, mmoja anasema Vita vya Msalaba ni Wakristo waliwavamia Waislamu waliokuwa wamekaa zao kwa amani, mwingine anasema hapana Waislamu ndo walianza kwa kuchukua Yerusalemu, mpaka watu wanaokula sahani moja kila siku wakaanza kuitana makafiri. Mimi baba ni Mwislamu mama ni Mprotestanti, nyumbani Idi tunakula na Krismasi tunakula, kwa hiyo maneno yale yaliniingia vibaya sana. Shuleni tulisoma mashahidi wa Namugongo na vita vya dini vya Buganda vizuri tu lakini hii ya Yerusalemu mwalimu aliipita mbio. Nielezeni bila ushabiki: nani alianza, na ni kweli dini mbili zilijipanga hivo moja kwa moja?

Mnubi_wa_Bombo
Salama ndugu yangu. Hilo la nani alianza linategemea unaanza kuhesabu wapi. Waislamu waliichukua Yerusalemu kutoka kwa Bizanti (ufalme wa Kikristo wa Roma ya Mashariki) mwaka 638, enzi za Khalifa Umar. Papa Urban II alikuja kuhubiri safari ya vita kule Clermont, Ufaransa, mwaka 1095, yaani zaidi ya miaka 450 imepita, na katikati hapo mahujaji Wakristo walikuwa wanaenda Yerusalemu na kurudi, japo kulikuwa na vipindi vibaya. Kilichowasha moto ni Waturuki wa Seljuk. Waliwapiga Bizanti pale Manzikert 1071 wakamteka mpaka mfalme mwenyewe, wakasambaa kwenye nchi ambayo leo ndo Uturuki, mwisho mfalme Alexios wa Bizanti akatuma wajumbe kwa Papa aletewe askari wa kumsaidia. Yeye alitaka askari wa kukodi, zikaja halaiki za watu na wakubwa wao, na wengi wao hata hawakutaka kumsikiliza.

Sasa hilo swali lako la pili ndo lenye utamu. Waislamu hawakuwa kitu kimoja hata kidogo. Waturuki walikuwa Sunni wanaomtambua khalifa wa Baghdad, Misri walitawala Wafatimi ambao ni Shia, na hawa wawili walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Wafaranja (ndivo Waarabu walivowaita watu wa msalaba) walipokuwa wanaizingira Antiokia 1098, Wafatimi waliwatumia wajumbe wa kuongea nao, kisha mwaka huohuo wakaenda kuwanyang'anya Waturuki Yerusalemu. Kwa hiyo tarehe 15 Julai 1099 Wafaranja walipoingia mjini waliowakuta si wale Waturuki waliokuwa wanalalamikiwa, walikuta jeshi la Misri. Na wakachinja watu, Waislamu kwa Wayahudi, waandishi Wakristo waliokuwa safarini ndo wameandika wenyewe tena kwa kujisifu.

Halafu angalia Dameski. Mwaka 1140 Dameski ya Waislamu ilifanya mapatano na ufalme wa Kikristo wa Yerusalemu ili wamzuie Zengi, mtawala wa Mosul na Aleppo, Mwislamu mwenzao aliyetaka kuwameza. Mwaka 1148 ikaja Vita ya Msalaba ya pili na wafalme wakubwa, Louis VII wa Ufaransa na Conrad III wa Ujerumani, wakakaa wakashauriana wakaamua kushambulia... hiyohiyo Dameski! Walikaa pale siku chache wakaondoka mikono mitupu, na muda si mrefu Dameski ikaangukia kwa mtoto wa Zengi, Nuruddin. Mimi nikisoma hapo huwa nasikitika kweli, maana jirani mliyekuwa mnaelewana naye mmemsukuma wenyewe kwa adui yenu.

mamaTendo_Mbale
Niongeze jambo moja watu hulisahau. Damu ya kwanza haikumwagika Yerusalemu. Mwaka 1096, kabla jeshi kubwa halijafika popote, makundi ya watu wa msalaba yalipitia miji ya mto Rhine huko Ujerumani, Worms na Mainz, yakaua Wayahudi waliokuwa majirani zao. Baadhi ya maaskofu walijaribu kuwaficha, Mainz ikashindikana. Wale hawakuwa Waislamu wala hawakuwa wamechukua mji wa mtu.

Katekista_Masaka
Mmeeleza vizuri lakini naomba tusiende mpaka kusema dini ilikuwa kisingizio tu. Watu wengi siku hizi hupenda kusema ni ardhi na mali, mimi sikubali. Safari ile ilikuwa gharama kubwa banange, watu waliuza mashamba au kuyaweka rehani wapate farasi na chakula, wakatembea kutoka Ufaransa mpaka Palestina, na wengi sana walikufa njiani kwa njaa na ugonjwa. Waliobaki hai wengi wao wakishasali kwenye kaburi la Yesu walirudi kwao. Papa aliwaahidi kwamba safari hiyo itahesabiwa kuwa toba ya dhambi zao na waliamini kwa moyo wote. Imani ya kweli inaweza kufanya mambo ya kutisha, na sisi wenye imani ndo tunatakiwa kulikubali hilo kwanza.

Ila nakubaliana na Mnubi kwamba mipaka haikuwa imenyooka. Mwaka 1204 watu wa msalaba waliokuwa waende Misri waliishia Konstantinopoli, mji mkuu wa hao Bizanti Waorthodoksi na mkubwa kuliko yote ya Kikristo, wakauvunja wakaiba mpaka vitu vya altare. Ilianza na deni, walikuwa wameagiza merikebu nyingi mno Venice wakashindwa kulipa, deni likawapeleka kupiga mji wa Zara ambao nao ni wa Kikatoliki, mwisho wakajiingiza kwenye ugomvi wa kiti cha ufalme wa watu. Waorthodoksi hawajasahau. Papa Yohane Paulo II alipoenda Athens 2001 alimwomba Mungu msamaha kwa makosa ya Wakatoliki dhidi ya hao ndugu, na hilo la Konstantinopoli akalisikitikia.

Na wewe kijana umesema vita vya Buganda mlisoma, basi unajua tayari mambo haya yanavokwenda. 1888 Waislamu na Wakristo walimtoa Mwanga, Kabaka (mfalme) wa Buganda, kwa pamoja. Haikuchukua hata miezi miwili Waislamu wakawafukuza Wakristo, baadaye wakamweka Kalema kuwa Kabaka. Wakristo wakaungana wakamrudisha Mwanga, huyohuyo aliyewachoma wenzao Namugongo. Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti wakapigana wao kwa wao pale Mengo na bunduki ya Maxim ya Lugard, kapteni wa kampuni ya Kiingereza, ikaamua.

Kijana_wa_Bugembe (Jinja)
Asanteni sana wazee wangu. Kumbe hata Mwanga alirudishwa na haohao, hiyo sikuwahi kuitazama hivo. Swali moja lingine: Sultani Salahuddin ni kweli alipoichukua Yerusalemu aliwasamehe wote wakatoka bure?

Mnubi_wa_Bombo
Si wote. Naye mimi nampenda sana lakini tuseme ukweli. Aliwashinda Wafaranja Hattin, Julai 1187, baada ya kuwaweka juani bila maji. Hemani kwake akampa Guy, mfalme wa Kikristo wa Yerusalemu, kikombe cha maji ya barafu, Guy akanywa akampasia Reynald wa Châtillon, yule aliyekuwa anavamia misafara wakati wa mapatano. Salahuddin akasema wazi, huyu mimi sijampa maji, kwa maana mgeni ukishampa maji damu yake imelindwa. Akamuua kwa mkono wake.

Yerusalemu ilisalimu amri tarehe 2 Oktoba. Hakukuwa na mauaji kama ya 1099, hilo ni kweli na ni kubwa. Lakini kila mtu alitakiwa kujikomboa, mwanamume dinari 10, mwanamke dinari 5. Maskini wengine aliwaachia bure, ndugu yake al-Adil naye akaomba apewe watu 1,000 akawaacha huru, ila maelfu waliokosa pesa waliingia utumwani. Mfalme Richard wa Uingereza kwa upande wake aliteka mji wa Akka 1191 akaamuru wafungwa zaidi ya 2,000 wauawe nje ya mji.

mamaTendo_Mbale
Na mwambieni kuhusu Frederick II! Mwaka 1229 mfalme huyo wa Ujerumani na Sisilia alirudishiwa Yerusalemu bila vita yoyote, alikaa na Sultani al-Kamil wa Misri wakaandikiana mkataba wa miaka 10, Waislamu wakabaki na eneo la msikiti wa al-Aqsa, Wakristo wakapata sehemu kubwa ya mji. Kila upande ulikasirika. Papa alikuwa ameshamtenga Frederick na Kanisa, na Dameski watu walilia msikitini. Na al-Kamil hakukubali kwa upole tu, alikuwa anagombania Dameski na mtoto wa ndugu yake, hakutaka vita mbili kwa wakati mmoja.