MREJESHO: Kamba na makapi ya mashua ya tanga, Lamu

Wadau, asanteni sana. Niliuliza pa kupata henza (kamba nene ya kupandishia tanga), jarari (kamba inayopita kwenye kapi la henza) na makapi ya mbao (vifaa vyenye gurudumu la kupitishia kamba), maana madukani nailoni ndiyo imejaa.

Makapi ni Matondoni, kijiji cha hapa kisiwani Lamu, kwa mafundi wa majahazi wenyewe. Agiza yachongwe, na upeleke kipande cha kamba utakayotumia. Kamba ya milimita 16 inataka mfereji wa milimita 18 hivi, na gurudumu lenye kipenyo kisichopungua mara sita ya unene wa kamba. Mfereji ukibana, kamba inalika pembeni. Gurudumu likiwa dogo ni hatari zaidi: nyuzi za ndani hukatika huku nje kamba inaonekana nzima.

Kwa henza, nailoni hapana kabisa. Inavutika, foromali (mti unaobeba tanga) inashuka upepo ukizidi na tanga linapoteza umbo. Chukua manila (kamba ya nyuzi za mmea wa jamii ya mgomba) ya nyuzi tatu. Katani inafaa pia, ila ni dhaifu kidogo kwa unene uleule, basi ongeza unene. Ya usumba (nyuzi za makumbi ya nazi) iacheni kwenye amari, yaani kamba ya nanga. Inastahimili chumvi na kuvutika kwake kunasaidia nangani.

Kabla ya kulipa, fungua msokoto utazame ndani. Ukiona vumbi au weusi, kamba imeshaoza.

Ukisuka jicho la henza (kitanzi cha mwisho wa kamba), pitisha nyuzi ndani ya msokoto mara tatu kwa manila, mara tano kwa poliesta kwa sababu inateleza.

Bado natafuta kitambaa kizito cha pamba cha tanga. Anayejua kinapouzwa kwa jora Mombasa, tafadhali anielekeze.