Nilijibu "yes", wameandika niliondoka kwa hiari

Mama Nuru, Leicester (Jumanne usiku)

Asalaam alaykum ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Jana nimepokea barua ya s184, yaani uamuzi wa ombi langu la makazi, kutoka kaunsili. Wanasema nimejikosesha makazi kwa makusudi, eti kwenye mahojiano nilikiri nimehama kwa hiari yangu. Wallahi sikuhama. Mwenye nyumba alibadilisha kitasa nikiwa kazini. Nilirudi nikamkuta Nuru amekaa kwenye ngazi na begi lake la shule, ufunguo mkononi, hauingii.

Tangu jana nayarudia yale mahojiano kichwani. Afisa alikuwa akichapa bila kuinua macho. Akasema, "You didn't leave by choice, did you?" Nikajibu, "Yes." Kwetu ukiambiwa "Hukuhama kwa kupenda, sivyo?" utasema ndiyo, maana ndivyo, sikuhama. Yeye akaandika nilihama.

Swali langu ni moja. Maelezo yangu ya s202, yaani ya kuomba uamuzi upitiwe upya, naweza kuyaandika kwa Kiswahili wakayatafsiri wenyewe, au lazima yawe kwa Kiingereza? Kwa Kiswahili nitaeleza yote.

Mwalimu, Reading

Pole sana mama Nuru. Nafundisha ESOL, yaani Kiingereza kwa wageni, na kosa hili nalisahihisha kila wiki. Sisi tukiitika, tunaitikia kauli ya aliyeuliza. Mwingereza anaitikia tukio lenyewe. Kama jambo lilitendeka ni "yes", kama halikutendeka ni "no", hata swali liwe limekanushwa vipi. Ulitakiwa kusema "No, I didn't."

Na kile kimkia cha mwisho wengi kinawachanganya. "Sivyo" yetu haibadiliki, yao hugeuka kila mara. Kauli ikikubali, kimkia kinakana: "You were at work, weren't you?" Ikikana, kimkia kinakubali: "You weren't at home, were you?" Kitenzi kisicho na msaidizi, kama "paid", huazima "did": "You paid the rent, didn't you?" Sikiliza na sauti pia. Ikishuka mwishoni, anataka umkubalie tu. Ikipanda, anauliza kwa kuwa hajui.

Ushauri wangu kwa wote: mbele ya afisa usitoe "yes" wala "no" tupu. Taja tukio. "He changed the lock." Hapo hakuna wa kukugeuzia maneno.

Kaka Mussa, London

Mwalimu umesahau "had". Hiyo kimkia chake ni "hadn't", wala haiazimi "did". "You had a key, hadn't you?"

Mwalimu, Reading

Sikusahau, Mussa. "Hadn't" ni pale "had" inaposaidia kitenzi kingine: "You had moved already, hadn't you?" Ikiwa na maana ya kumiliki, watu wa leo husema "You had a key, didn't you?" Hiyo yako ipo, lakini utaisikia zaidi kwa wazee. Tafadhali tusimchanganye mwenzetu, ana barua mezani.

Papa Espoir, Glasgow

Mama Nuru, pole. Sisi wa Bukavu tulisoma kwa Kifaransa, na Kifaransa kina neno "si" la kumpinga aliyekana. Kiingereza hakina, ndiyo maana tunaanguka. Mwaka jana nimelazwa hospitali, nesi ananiuliza asubuhi, "You weren't given your tablets, were you?" Nikasema "yes", yaani kweli, sikupewa. Akaandika nimepewa, akaenda zake. Nilikaa na maumivu ya mgongo mpaka zamu ya jioni. Tangu siku ile natikisa kichwa kwanza, halafu ndiyo nasema.

Dada wa Stuttgart

Huku Wajerumani wana "doch", kazi yake ile ile. Lakini mimi nalaumu shule zetu Tanzania. Miaka saba Kiswahili, halafu kidato cha kwanza unaingizwa kwenye baiolojia kwa Kiingereza kama kifaranga kwenye mvua. Nani alitufundisha kuongea? Tulikariri tu.

Wanjiru, Birmingham

Usilaumu shule dada. Mimi nimesomea Nyeri, kwa Kiingereza tangu darasa la nne, na bado nilijibu "yes" hivyo hivyo nilipokuja huku. Umeikulia, inatoka yenyewe.

Dada wa Stuttgart

Kwa hilo sibishi. Marehemu bibi yangu Tanga alikuwa akimaliza kila neno kwa "sivyo, mjukuu wangu?" na hangoji jibu, anaendelea kumenya mihogo. Nimemkumbuka sana leo.

Bi Salma, Milton Keynes

Jamani, tarehe! Mama Nuru, una siku 21 za kuomba s202 tangu ulipopata barua. Tuma barua pepe usiku huu, sentensi moja inatosha: naomba uamuzi upitiwe upya. Maelezo yatafuata. Omba na makazi ya muda wakati unasubiri. Si lazima wakupe, lakini wana mamlaka hayo. Halafu wapelekee SAR, yaani ombi la kupewa taarifa zako walizoweka, wakupe maandishi ya mahojiano. Wana mwezi mmoja wa kujibu, kwa hiyo usiingoje SAR ndipo uombe s202. Na yule mwenye nyumba, kubadilisha kitasa bila amri ya mahakama kwa mpangaji kama wewe ni jinai, sheria ya 1977. Wapigie Shelter, lile shirika la kusaidia watu wenye shida za makazi, kesho asubuhi.

Kaka Mussa, London

Vijana hapa London wanatumia "innit" kwa kila kitu, wakati uliopita na uliopo. "You paid, innit?" Hiyo ndiyo "sivyo" yetu hasa.

Mwalimu, Reading

Barabarani sawa. Kwa afisa, hapana.

Mama Nuru, Leicester (Ijumaa)

Mungu awalipe. Ombi nimetuma Jumatano, wamejibu wamelipokea, na SAR imekwenda. Zimebaki siku 17. Jana usiku, hapa sebuleni kwa shoga yangu tulikojibanza, Nuru alijifanya afisa, daftari magotini. "You weren't late with the rent, were you?" Nikasema, "No, I wasn't. I paid every month." Akanirudia mara kumi, akinigeuzia maswali, mpaka nikaacha kusita.

Lile la kuandika kwa Kiswahili bado nawangoja, anayejua aniambie.