Bakteria wananawiri kwenye maji ya mabua, ila plastiki ni kiduchu. Nifanyeje?

Mwanamaabara: Wakuu, salaam. Nina mradi wa plastiki inayooza, ile PHB, kutokana na mabua ya mahindi. Nayasaga, nachemsha kwa asidi hafifu, kisha natia vimeng'enya selulosi ivunjike iwe sukari. Bakteria ni Cupriavidus necator. Wanazaliana mpaka maji yanakuwa mazito, lakini nikiwapaka rangi ya Sudan Black na kuwatazama kwa hadubini, chembe nyeusi za PHB ndani yao ni za kuhesabu. Mradi huu nimeupania, naombeni msaada.

Kemia_Hai: Mkuu, nitrojeni umewapa kiasi gani? PHB ni akiba yao. Kaboni ikiwa tele halafu nitrojeni au fosforasi ikaisha, hawawezi tena kugawanyika, basi sukari wanaigeuza akiba. Wape amonia, yenye nitrojeni, ya kuzaliana tu; ikiisha, endelea kuwatilia sukari peke yake. Wakilishwa hivyo, PHB yaweza kufika asilimia 80 ya uzito wao mkavu.

BintiVimeng'enya: Mimi nina wasiwasi na sukari yenyewe. Mabua hutoa glukosi na pia sukari nyingine, zailosi, na Cupriavidus wa asili haigusi. Aina ya H16 hata glukosi haiiwezi, inapenda fruktosi. Kama unatia dondoo ya chachu, huenda wanashiba hiyo tu! Pima sukari mwanzo na mwisho. Na maji yakinukia lozi chungu, kuna furfurali, kemikali inayowadhuru bakteria; asidi na joto vilizidi. Yapitishe kwenye mkaa amilifu.

Mwanamaabara: Dada, nimepima. Glukosi imeisha, zailosi ipo vilevile. Dondoo ya chachu natia, tena nyingi.

BintiVimeng'enya: Basi glukosi wanaila, na Kemia_Hai yuko sahihi: dondoo ya chachu ina nitrojeni tele, ipunguze. Zailosi usiitupe, jaribu Burkholderia sacchari, anakula zote mbili.

Mwanamaabara: Shukrani sana. Na kuitoa ndani ya seli?

Kemia_Hai: Klorofomu huitoa safi, ila ni sumu, fanyia kazi ndani ya kabati la maabara la kuvuta hewa chafu. Hipokloriti, ile ya dawa ya kung'arishia nguo, hufumua seli kwa urahisi, lakini ukiichelewesha inakatakata minyororo ya plastiki. Ujue pia PHB tupu huvunjika ikikunjwa. Ukitaka laini, ongeza asidi ya propioniki wakati wa kuwalisha upate PHBV, ndugu yake PHB inayokunjika. Tia kidogokidogo, ikizidi inawaua.