Mjadala: Katika benchi, chuma kugusa kifua kunatosha, au kiwiko nacho kipimwe?

Ndugu wadau wa vyuma, naomba tulijadili kwa utulivu suala ambalo limewagawa wanyanyuaji tangu tarehe 1 Januari 2023, siku ambayo Shirikisho la Kimataifa la Pawalifti, IPF, lilianza kutumia kanuni mpya ya benchi, yaani mnyanyuo wa kusukuma chuma ukiwa umelala chali. Kabla ya hapo mnyanyuaji alitakiwa kukishusha chuma hadi kifuani au sehemu ya tumbo, bila kugusa mkanda, akishikilie pale hadi kitulie kabisa, kisha asubiri amri ya mwamuzi mkuu ndipo asukume. Kanuni mpya haikufuta hata sharti moja kati ya hayo. Iliongeza tu kwamba upande wa chini wa viwiko vyote viwili ushuke hadi usawa wa sehemu ya juu ya kiungo cha bega, au chini zaidi. Wanaoipinga wanasema kifua kilikuwa kipimo tosha na kilichoeleweka na kila mtu. Wanaoiunga mkono wanasema kifua kilikuwa kimegeuzwa mlango wa kukwepea kazi. Mimi niko upande wa kanuni, lakini sikubaliani na wenzangu wanaodhani kwamba kiwiko kikipimwa, basi kugusa kifua na kusimama hapo ni mambo madogo.

Kwa wale wanaonyanyua bila kufuatilia mashindano, nieleze kidogo. Pawalifti ina minyanyuo mitatu: kuchuchumaa na chuma mabegani, kusukuma chuma ukiwa umelala benchi, na kukiinua kutoka sakafuni hadi usimame wima. Kila mnyanyuo una majaribio matatu, na waamuzi watatu hutoa taa nyeupe au nyekundu. Nyeupe mbili zinatosha. Kwenye benchi, kichwa, mabega na makalio havitakiwi kuondoka juu ya benchi, nyayo zikae zimelala sakafuni, na umbali kati ya vidole vya shahada vya mikono miwili usizidi sentimita 81, ndiyo maana chuma cha mashindano kina alama za pete zinazoonyesha mpaka huo. Mgongo wa katikati hautajwi. Unaruhusiwa kuukunja kwa kadiri mwili wako unavyoweza.

Hapo ndipo tatizo lilipozaliwa. Mtu mwenye mikono mifupi na uti wa mgongo unaopinda kwa urahisi akishika chuma kwenye alama za sentimita 81, akabana mabega nyuma na chini, akapandisha kifua juu kadiri anavyoweza, chuma hakishuki tena kukifuata kifua. Kifua ndicho kinachopanda kukilaki chuma. Katika baadhi ya majaribio yaliyopata taa nyeupe, chuma kilisafiri sentimita chache tu, na mikono ilikunjika kidogo sana hivi kwamba mtazamaji asiyejua kanuni angedhani mnyanyuaji bado hajaanza. Kanuni ilikuwa imetimizwa kikamilifu: chuma kiligusa, kikatulia, amri ikatolewa, mikono ikanyooka. Wengi waliotukanwa mitandaoni kwa ajili ya picha hizo walikuwa wanawake wa uzito mwepesi, na jambo hilo lilikuwa la aibu kwa waliotukana, kwa sababu wanawake hao walifanya kile ambacho kitabu cha kanuni kiliwaruhusu, tena kwa mazoezi ya miaka. Kupinda mgongo kwenye benchi ni ufundi halali. Kunayapa mabega mahali imara pa kuegemea, na mzigo haupiti kwenye uti wa mgongo kama unavyopita mtu anapochuchumaa na chuma mabegani. Lawama inastahili kwenda kwenye kanuni iliyotumia alama moja kwa kazi mbili.

Kazi ya kwanza ya kifua ni kuwa mahali pa kusimama. Kazi ya pili tuliyokipa, bila kuichunguza, ni kupima umbali. Ile ya kwanza kinaifanya vizuri mno: ni kitu kigumu, kinaonekana, na chuma kikikifikia hakuna ubishi. Ile ya pili hakiwezi, kwa sababu kifua chenyewe kinasogea. Angalieni mnyanyuo wa kuchuchumaa. Hakuna anayeuliza chuma kimeshuka kufikia urefu gani kutoka sakafuni. Tunauliza kama sehemu ya juu ya paja kwenye kiungo cha nyonga imeshuka chini ya sehemu ya juu ya goti. Tunalinganisha kiungo na kiungo cha mtu huyohuyo, mrefu kwa mfupi. Kwa miongo mingi benchi ilikosa kipimo cha namna hiyo, na sioni kwa nini iendelee kukikosa.

Wapo wanaosema kiwiko ni uvumbuzi wa juzi usio na asili katika mchezo huu. Mwishoni mwa karne ya 19 George Hackenschmidt, mzaliwa wa Estonia, alisukuma pauni 361, karibu kilo 164, akiwa amelala chali sakafuni bila benchi yoyote. Mtu aliyelala sakafuni mkono wake unasimamishwa na sakafu yenyewe. Sehemu ya juu ya mkono ikigusa chini, umefika, hata kama kifua kiko mbali na chuma. Kwa maneno mengine, mkono ulikuwa kipimo kabla ya kifua. Baadaye kukawa na mtindo wa kukiweka chuma tumboni na kukirusha kwa kuinua nyonga ghafla, mikono ikamalizia tu safari. Sharti la makalio kukaa kwenye benchi na sharti la chuma kutulia kabla ya kusukumwa yanazuia mambo ya namna hiyohiyo, yaani kuipa sehemu nyingine ya mwili kazi ambayo mikono na kifua ndivyo vinavyodai sifa yake.

Sasa nije kwenye kusimama, kwa sababu hapa ndipo ninapoona ulegevu mkubwa huku kwetu. Msuli uliovutwa kwa kasi huhifadhi nguvu kama mpira wa manati, na mtu akigeuza mwelekeo papo hapo anarudishiwa nguvu hiyo bure. Akisimama, sehemu ya nguvu hiyo hupotea, na kadiri anavyokaa ndivyo inavyozidi kupotea. Ndiyo maana mtu anayedunda kilo 120 kwenye mazoezi, yaani anayekigeuza chuma kifuani bila kusimama, hushangaa kushindwa na uzito mdogo kuliko huo siku anapoambiwa asubiri amri. Kudunda kuna msaada mwingine tena, ambao ni mbavu. Chuma kikiangushwa kifuani, kidari na mbavu hubonyea kisha hurudi, na kurudi huko ndiko kunakokivusha chuma zile sentimita chache za kwanza, karibu na mahali ambapo wanyanyuaji wengi hukwama.

Nimehudhuria mashindano ya mtaani ambako mshindi alipatikana kwa jaribio ambalo chuma hakikugusa. Nilikuwa nimesimama ubavuni mwa benchi. Chuma kilishuka vizuri, kikapunguza mwendo, kikageuka kikiwa juu ya fulana kwa kiasi cha unene wa kidole gumba, na mwanga wa dirishani ulipita kati ya chuma na kitambaa. Mwamuzi, aliyekuwa mmoja tu na amesimama upande wa kichwa, alinyoosha mkono kuashiria ushindi. Mshindani wa pili alikuwa amegusa, akasimama, akasukuma kilo tano pungufu. Sina ugomvi na yule kijana aliyeshinda. Hakuna aliyemweleza kanuni kabla ya kulala. Ila niliona dhahiri kwamba pale hapakuwa na haja ya kuzungumzia viwiko hata kidogo. Palihitajika mtu wa kukaa ubavuni na neno moja la amri.

Kwa sababu hiyo, wale wanaosema kwamba kiwiko kikishuka vya kutosha chuma si lazima kiguse, mimi nawapinga moja kwa moja. Kiwiko kinapita usawa wa bega kikiwa katika mwendo. Hakuna kitu pale cha kukizuia chuma wala cha kuthibitisha kwamba mnyanyuaji amekidhibiti. Bila kifua, mwamuzi angelazimika kukisia wakati gani mtu amesimama hewani. Na kugusa kwenyewe kuna adabu yake. Chuma kinafika chini kidogo ya chuchu, karibu na mwisho wa kidari, viwiko vikiwa havijatanuka sawasawa na mabega wala kubanwa mbavuni, kinakaa juu ya fulana bila kuzama, kisha kinapanda kikielekea nyuma kidogo upande wa mabega. Anayekiacha kizame baada ya kutulia ili ajipatie msukumo ananyimwa jaribio kwa kanuni za IPF, na hiyo ni haki.

Hoja nzito zaidi ya wapinzani ni ya maumbile, na inastahili kujibiwa kwa heshima. Mtu mwenye kifua kipana na mikono mifupi, hata asipopinda mgongo sana, anaweza kugusa kifua kabla viwiko havijafika usawa wa mabega akishika chuma kwa upana wa juu unaoruhusiwa. Yeye hakuwahi kutafuta njia ya mkato, ameumbwa hivyo. Jibu langu ni kwamba kanuni haimfungii nje, inamtaka asogeze mikono ndani. Mshiko ukipungua, mkono unakunjika zaidi na kiwiko kinashuka zaidi kwa kifua kilekile. Atapoteza kilo kadhaa kwa muda hadi misuli ya nyuma ya mkono izoee kubeba sehemu kubwa zaidi ya kazi. Ni gharama ya kweli, na sitaki kuidharau. Lakini mwenye mikono mirefu amekuwa akilipa gharama yake miaka yote kwa kusafirisha chuma mbali zaidi, na katika kuchuchumaa mwenye mapaja marefu hulipa ya kwake bila mtu kupendekeza nyonga yake isipimwe.

Hoja ya pili ni ya waamuzi, na hii naikubali kwa sehemu. Kiwiko kinaonekana, maana mikono ya fulana ya mashindano hairuhusiwi kufika kwenye kiwiko. Bega ndilo lenye utata. Limefunikwa na kitambaa, na kwa mtu aliyejengeka msuli wa bega umevimba juu ya kiungo chenyewe, kwa hiyo mwamuzi wa pembeni anatafuta usawa wa kitu asichokiona moja kwa moja. Jaribio lililo kwenye mpaka litaamuliwa tofauti na waamuzi wawili waaminifu. Lakini udhaifu huo umo pia katika kuhukumu nyonga na goti, ambako hatujaacha kupima.

Kuhusu mabega kuumia, nitasema kwa ufupi. Ni kweli kwamba misuli ya kifua hupasuka mara nyingi zaidi kwenye benchi kuliko mahali pengine, na hutokea chuma kikiwa chini, msuli ukiwa umenyooshwa na umebeba mzigo. Mwenye maumivu anayo haki ya kuweka kipande cha mbao kifuani kwenye mazoezi na kuishia hapo, au kupunguza upana wa mshiko. Hiyo ni tiba yake binafsi. Haiwezi kugeuzwa kuwa kipimo cha mashindano.

Kuna upande mmoja unaosahauliwa katika mabishano haya, na kwetu Afrika Mashariki ndio wenye jina kubwa zaidi. Katika Michezo ya Paralimpiki mnyanyuo ni huu mmoja tu wa benchi. Mnyanyuaji hulala mwili mzima juu ya benchi pana, miguu ikiwa juu ya benchi hiyohiyo na mara nyingi imefungwa kwa mkanda, hivyo hana sakafu ya kukanyaga wala njia rahisi ya kupandisha kifua kwa nguvu za miguu. Humo ndimo Siamand Rahman wa Iran aliposukuma kilo 310 mjini Rio mwaka 2016, na humo ndimo Hellen Wawira Kariuki wa Kenya alipojijengea jina, akatwaa medali ya shaba katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham mwaka 2022. Chuma kinashushwa kifuani, kinasimama waziwazi, kisha kinasukumwa kwa mikono miwili kwa usawa. Kijana anayetaka kujua kugusa kifua kwa adabu kunafananaje, atazame majaribio ya mchezo huo kabla ya kutazama video nyingine yoyote.

Wale wa mashati magumu ya kusukumia, yanayovaliwa ili kumsaidia mnyanyuaji kukisukuma chuma, wana shida iliyo kinyume na ya wengine wote, kwa sababu shati lenyewe hukizuia chuma kushuka, na jaribio linaweza kukataliwa kwa kuwa mzigo haukutosha kukifikisha kifuani. Kwao kugusa ndiyo vita yenyewe, na nadhani wangepata mjadala wao peke yao.

Ninachoomba kutoka kwa wanaopinga kanuni ni pendekezo mbadala lililo wazi. Wapo wanaotaka upana wa juu wa mshiko upimwe kwa upana wa mabega ya kila mtu badala ya sentimita 81 kwa wote. Wazo hilo lina mantiki, lakini nielezeni nani atapima mabega, lini, na kwa kifaa gani, wakati ukumbini kuna wanyanyuaji wengi wanaosubiri kupimwa uzito asubuhi ileile. Na mliowahi kukaa kiti cha mwamuzi wa pembeni, hasa tangu mwaka 2023, tuambieni mnalitazamaje bega lililofunikwa na fulana, na kama mna alama yoyote mnayoitumia ambayo tunaweza kuifundisha kwa waamuzi wa mashindano yetu madogo, ambao kwa sasa hata amri ya kusukuma hawaitoi.